Mavshi wa Uwanja Namba Moja

Leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba, Bi. Sulabha Mhetre anafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili kamili katika chuo chetu cha tenisi hapa Kolhapur. Alipoajiriwa Novemba 1993 alikuwa mpiga chapa. Anastaafu akiwa katibu wa mashindano, msimamizi wa safari, mwalimu wa hesabu asiye na mshahara wa ualimu, na mama mdogo wa kila mtoto aliyewahi kushika raketi katika viwanja hivi. Ndiyo maana hakuna anayemwita Bi. Mhetre. Wote, kuanzia mwenyekiti wa bodi hadi mzee anayetuletea maziwa ya nyati wake wa kufugwa, humwita Mavshi, mama mdogo.

Siku alipoanza kazi tulikuwa na viwanja viwili, taipureta moja, na watoto kumi na wanne ambao wazazi wao waliona tenisi ni njia nzuri ya kuwachosha kabla ya chakula cha jioni. Mashindano ya kimataifa ya vijana tulikuwa tukiyasoma magazetini. Leo tuna viwanja tisa. Watoto arobaini na mmoja wamepata pointi za kimataifa, na kumi na mmoja wamecheza mashindano makubwa kabisa ya vijana duniani. Makocha tumejitahidi, sikatai. Lakini mtoto hapati pointi kama fomu yake haikufika kwa wakati, kama viza haikutoka, au kama amefika ugenini tumbo linamsokota kwa njaa. Hayo yote yalikuwa mikononi mwa Mavshi.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Colombo mwaka 1998, na wavulana wawili wa miaka kumi na mitano. Kwenye uwanja wa ndege, ofisa wa forodha alifungua sanduku lake, akatoa sufuria ya presha, akaigeuzageuza kama bomu.

“Mama, hii ni ya nini?”

“Una watoto?” Mavshi akamuuliza.

“Ninao wawili.”

“Na mimi ninao wawili, wanakula kama wanne, na tutakaa siku kumi na nne. Sasa niambie wewe, hiyo ni ya nini?”

Ofisa aliirudisha sandukuni na kulifunga mwenyewe. Sufuria ile ilikwenda Tashkent, Bangkok, Cairo na Manila, na kila ilikopiga filimbi, wachezaji wa mataifa mengine waligonga mlango na sahani zao.

Tenisi yenyewe hakuicheza. Alijaribu mara moja, siku ya michezo ya wafanyakazi mwaka 2004. Mpira wake wa kwanza uliruka ukuta ukatua kwenye zizi la jirani, nyati akakata kamba, na mazoezi ya alasiri yakaahirishwa. Aliweka raketi chini akatangaza amestaafu akiwa bado hajashindwa.

Kwa miaka tisa aliandika barua akiomba chuo chetu kipewe mashindano ya kimataifa ya vijana. Kila mwaka walimjibu kwamba mji wetu ni mdogo. Kila mwaka aliwajibu kwamba mpira wa tenisi nao ni mdogo. Mwaka 2016 tulikubaliwa. Lakini kisa ninachotaka kukisimulia ni cha mwaka uliofuata. Nilikuwepo, na wengi wenu mmesikia nusu yake tu.

Revati Chougule alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuja kwetu akiwa na minane, binti wa mfanyabiashara wa sukari guru, mwembamba, mwenye pigo la mkono wa kushoto lililowafanya wageni wasimame kutazama. Machi ile alikuwa akihitaji kufika fainali ya mashindano yetu ili jina lake liingie kwenye orodha ya mashindano makubwa ya vijana ya Paris. Alifika nusu fainali bila kupoteza seti. Siku ya nusu fainali, Ijumaa, ndiyo ilikuwa siku ya jiometri katika mtihani wa serikali wa darasa la kumi: kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa saba kamili.

Alhamisi jioni refa mkuu, Bwana Ilango kutoka Chennai, alitoa ratiba. Uwanja namba moja, mechi ya wavulana saa nne. Ikiisha, Revati dhidi ya Kanyarat wa Thailand, si kabla ya saa sita. Kanuni zinajulikana: mchezaji akiitwa asipotokea kwa dakika kumi na tano, ameshindwa.

Baba yake, Dattajirao, aliingia ofisini bila kuvua kofia ya pikipiki.

“Mavshi, sogeza hiyo mechi.”

“Ratiba ni ya refa, Dattajirao. Si yangu.”

“Basi mwambie refa.”

“Sitamwambia.”

“Mashindano ni yako! Barua umeandika wewe! Neno moja tu.”

“Ndiyo maana sitamwambia,” alisema. “Hapa kuna wageni kutoka nchi kumi na moja. Wakisikia katibu wa mashindano anamsogezea mechi mtoto wa nyumbani, watasema nini?”

“Nilikukabidhi mwanangu miaka saba,” yule baba akasema, na sauti yake haikuwa tena ya ukali. “Leo unamwacha afukuzwe uwanjani kwake mwenyewe?”

Nami, kocha wa huyo msichana, niliongeza maneno yangu, mengine nisingependa kuyarudia mbele ya wageni waalikwa. Mavshi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Revati.

“Kesho nenda kafanye mtihani mpaka swali la mwisho. Ukitoka kabla ya kengele nitajua.”

“Na mechi, Mavshi?”

“Mechi nitaisubiri mimi.”

Ijumaa tukaombea mechi ya wavulana irefuke. Haikurefuka. Iliisha saa sita kasorobo, seti mbili tupu. Saa sita kamili majina yakatangazwa. Kanyarat akaja na begi lake, akakaa kwenye benchi, akafunga kamba za viatu. Kiti cha upande wa pili kilikuwa kitupu. Mavshi alisimama nyuma ya refa, mikono imekunjwa ndani ya sari, akiangalia saa ya ukutani. Zilipopita dakika nane, Bwana Ilango akageuka.

“Mama, mchezaji wenu yuko wapi?”

“Yuko kwenye chumba cha mtihani. Atatoka saa saba.”

“Mtihani gani?”

“Wa darasa la kumi. Jiometri.”

“Ulijua tangu lini?”

“Ratiba ya mitihani ilitoka Desemba.”

Bwana Ilango alivua miwani. “Na hukuniambia? Kwa nini?”

“Kwa sababu ni mtoto wetu.”

“Na angekuwa huyu Mthai ndiye mwenye mtihani?”

“Ningekugongea mlango saa kumi na mbili asubuhi.”

“Basi hujatenda haki, mama,” Bwana Ilango alisema taratibu. “Umemnyima wako kile ambacho ungempa mgeni.”

Nimefanya kazi na Mavshi miaka kumi na tisa. Sijawahi kumsikia akikiri kosa, isipokuwa dakika ile. Alisema, “Ni kweli. Nimekosea,” mbele ya makocha wote, mbele ya Dattajirao, mbele yangu mimi niliyemtolea maneno.

Refa alisema bado kuna njia: mpinzani akiridhia, muda unaweza kusogezwa. Akavuka uwanja mwenyewe akamweleza Kanyarat. Yule msichana alimsikiliza, akakunja uso.

“Jiometri?”

“Jiometri.”

“Maskini.” Akaanza kufungua kamba za viatu. “Sikupanda ndege mbili kuja kushinda kiti. Nitakula kwanza. Wali upo?”

Mavshi alimpakulia wali ule yeye mwenyewe, akamwongezea mara mbili.

Saa saba na dakika kumi na mbili pikipiki ya Dattajirao iliingia getini huku Revati akiwa nyuma, sare ya shule mwilini, wino vidoleni. Saa saba na nusu mechi ikaanza, na mwanzo wake ulikuwa balaa. Kichwa kilikuwa bado kwenye pembetatu. Akapoteza seti ya kwanza moja kwa sita. Ya pili akawa nyuma mbili kwa tano, na Kanyarat ana pointi mbili za kumaliza mechi.

Hapo ndipo watoto wa shule walipofika, darasa zima, wametoka kwenye mtihani na vibao vyao vya kuandikia. Walipanda majukwaani wakaanza kugonga vibao kwa vikebe vya bikari, tak-tak-tak, wakipaza sauti: “Revati! Swali la tano ulijibu nini?” Revati akacheka. Nilimwona akicheka, kwenye pointi ya kupoteza mechi! Akapiga mpira mfupi ambao sikumfundisha mimi, wala sidhani kuna mtu yeyote aliyemfundisha. Ukavuka wavu, ukafa. Pointi iliyofuata, ule mkono wa kushoto, kwenye mstari. Akachukua gemu tano mfululizo, seti ikawa saba kwa tano, na uwanja mzima ukawa umesimama.

Seti ya tatu ilikwenda sita kwa sita. Katika gemu ya kuamua hakuna aliyemwacha mwenzake kwa zaidi ya pointi moja, mpaka sita kwa tano, Revati akianzisha. Walipigiana mipira ishirini na tano, nilihesabu. Wa ishirini na sita Kanyarat aliupiga nje kwa upana wa kidole, na kabla refa hajafungua mdomo aliunyooshea kidole mwenyewe: nje. Wakakumbatiana juu ya wavu. Vibao viliruka hewani. Dattajirao alikuwa akilia waziwazi, akimshika mkono Mavshi, akimwomba msamaha kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye zizi la nyati.

“Anayepaswa kuomba msamaha ni mimi,” Mavshi alimwambia. “Wewe ulisema kweli.”

Jumamosi Revati alishindwa fainali, na hakuna aliyejali. Pointi zilitosha. Juni ile akacheza Paris, akafika raundi ya tatu. Jiometri alipata thelathini na moja juu ya arobaini. Alipompigia simu Mavshi kumpa habari, jibu lilikuwa: “Zile tisa ziko wapi?”

Wiki hiyohiyo ya fainali Mavshi aliketi akaandika barua nyingine. Ilimchukua miezi mitano na majibu manne, lakini mashindano yetu yakahamishiwa Novemba, mwezi usio na mtihani wowote. Tangu hapo hakuna mtoto, wa hapa wala wa ugenini, aliyewahi kulazimika kuchagua.

Keshokutwa yanaanza tena. Tuna wasichana watano kwenye droo kuu, idadi ambayo hatujawahi kuwa nayo, na mdogo wao ana miaka kumi na mitatu na hajui kuogopa. Mji mzima unawaka kwa hamu. Na kwa kuwa sasa halipwi na mtu, Mavshi anaweza kuambiwa ukweli: kwa miaka thelathini na miwili hakuwahi kukaa akatazama mechi moja kutoka mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Daima kulikuwa na simu, fomu, tiketi, au mchele motoni.

Mavshi, kiti kipo safu ya mbele, uwanja namba moja, upande wenye kivuli. Kina jina lako. Fomu zimejazwa, simu tutapokea sisi, na wali utapikwa na mtu mwingine hata kama utaungua. Asante kwa watoto wote. Afya njema, siku ndefu, na macho mazuri ya kuona mstari. Jumapili saa nne asubuhi njoo ukae, na usithubutu kusimama mpaka mechi iishe.