Pini Mdomoni

Mama mwenye tenga la kuku hakuyaamini masikio yake. Fundi cherehani, aliyekaa naye benchi moja tangu feri ing'oe nanga, alikuwa pekupeku, ameshika viatu vyake, kimoja kimekatika kamba.

"Yaani harusi ya mtoto wa dada yako umeikimbia, ukaenda visiwani kucheza kwenye harusi za watu usiowajua?"

"Nguo zote nilishona, mwenzangu. Nikazipiga pasi, nikazitundika. Ndipo nikapanda feri."

"Lakini wewe ni mama mdogo wa bibi harusi!"

"Kila harusi ya ukoo wetu mimi nimepiga magoti, pini mdomoni, nawapindia wenzangu magauni huku ngoma inalia uani." Fundi akacheka. "Kisiwa cha kwanza walinicheka, eti nacheza kama nakanyaga cherehani. Wakanifundisha kuchezesha mabega. Cha pili, bibi mmoja akanishika kiuno, akanifundisha kuzunguka. Wala hakuna aliyeniletea hata kifungo kilichokatika."

Mama wa kuku alitaka kumkaripia, akajikuta anatabasamu. Yeye mwenyewe alishapikia harusi nzima bila kumwona bwana harusi.

Feri ikagusa gati. Chini alisimama dada mtu, mikono kiunoni, uso umefura.

"Mwombe radhi tu, yaishe," mama wa kuku alinong'ona.

Fundi akavaa kiatu kizima, kilichokatika akakibeba.

"Kama kuna mshono uliofumuka, nitamwomba radhi. Kwa kucheza, siombi."