Papa Evode Nzabandora, polisi aliyeikana habari yake mwenyewe

Baada ya miaka ishirini na tatu katika polisi ya teritwari, yaani ya wilaya, kule Masisi na Walikale, Papa Evode Nzabandora anavua koti la kazi tarehe 31 Machi 1958 na kurudi kwao Bihambwe. Anaondoka bila galoni, ule utepe wa cheo, hata moja begani. Wageni watashangaa, maana kati yetu hakuna aliyesoma kama yeye.

Mwaka wa 1950 wakubwa walifungua masomo ya usalama wa nchi kwa polisi waliotaka cheo cha brigadiye. Papa Evode alijitupa humo mwili mzima. Alijifunza kutambua mkutano wa siri, kuuliza maswali, kusoma dalili za uasi. Nyumbani walikoma. Shemeji akija kusalimia aliulizwa ametoka wapi, amekutana na nani njiani, na viazi vyote hivyo ni vya nini. Mkewe, Mama Dancille, alitangaza kwamba atahamia kwa mama yake mpaka mtihani uishe. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Sehemu ya mwisho ya mtihani ilikuwa kazi yenyewe: kila mmoja atumwe mahali, alete habari ya usalama. Yeye alipelekwa msitu wa Walikale. Tangu fujo za wakati wa vita, wakubwa waliogopa kila mkusanyiko wa kule.

Alikuta njia imefungwa kwa majani ya mchikichi, ngoma zinalia, wanaume wamesimama na mikuki. Akauliza kuna nini. Kimya. Akazunguka kijijini akiuliza wanaume wengine, wote wakatazama chini. Njia iliyofungwa, silaha, watu walioapishwa: yote yalikuwa vilevile kama alivyofundishwa. Akatuma mjumbe kwenye posti ya polisi kwamba kuna uasi.

Tukatumwa sisi polisi wenzake, na mimi nilikuwemo. Tulipewa risasi, na amri ya kupiga yeyote atakayetuzuia.

Papa Evode alikuwa bado kijijini, anangoja sifa zake, pale Mama Colette alipopita na kikapu cha chakula. Mama huyu alikuwa mkulima wa hapo. Kusikia askari wanakuja, aliketi chini akalia. “Papa polisi, mule iko batoto. Banabatahiri. Wangu pia iko mule.” Wale wanaume walinyamaza kwa sababu mila inawakataza kumwambia mgeni jambo lolote la kambi ya tohara. Papa Evode, mtoto wa milima aliyekulia misheni, hakulijua hilo.

Alikimbia. Alitukuta mtoni, kwenye daraja la gogo moja, akasimama katikati, amejaa matope mpaka kifuani. Akamwambia Bwana Ajenti, mkubwa wa teritwari aliyetuongoza, kwamba habari ile si ya kweli, na aliyekosea njo yeye. Bwana Ajenti akamkumbusha mtihani, akamkumbusha na gereza, akamwamuru apishe. Hakupisha. Tukaamriwa tumwelekezee bunduki.

Nilimwelekezea. Jasho liliniingia machoni, na moyoni nilimwomba Mungu nisiambiwe neno linalofuata. Papa Evode alisema tu: “Bwana, unifunge. Lakini kule iko batoto.”

 Mwishowe Bwana Ajenti alituacha hapo, akavuka na yeye tu ili ajionee mwenyewe, wakaenda mpaka kwenye majani yale. Ng'ambo yake watoto walikuwa wanaimba, sauti bado nyembamba. Aliporudi alituambia tutoe risasi bundukini.

Papa Evode alifungwa kwa kuleta habari ya uongo. Jina lake lilifutwa kwenye mtihani, na kila alipoomba tena alikataliwa. Wakubwa watanisamehe, lakini jambo hili liliniuma na linaniuma mpaka leo. Vijana aliowasaidia kujifunza masomo yaleyale walipata galoni, naye akawa anawapigia saluti asubuhi. Mimi sikuwahi kumsikia akinung'unika. Mama Dancille njo alinung'unika kwa niaba yake, na alikuwa na haki.

Papa Evode, sisi tuliokuwa upande ule wa daraja tunakushukuru. Tumeoa, tumezaa, tunawabeba watoto wetu mabegani. Ukae salama Bihambwe wewe na mama, mle mlichopanda, muzeeke pamoja. Tunakupa mkono wa kwaheri, na mkono huu, kwa sababu yako, hauna damu ya mtoto wa mtu.

Floribert, polisi mwenzako