Norbert Wilondja na Wazee Wasio na Majina

Marehemu Norbert Wilondja alizaliwa Lweba mwaka 1912. Tarehe hatuijui, mwaka tumeambiwa na dada yake mkubwa, mama Suzanne, aliyembeba mgongoni. Tunamtaja kwa sababu marehemu asingetusamehe tukinyamaza.

Alisoma kwa mapadri hadi 1928, akafundisha miaka sita, na mwaka 1935 akaingia ukarani katika biro ya serikali, Fizi. Mwaka uleule alimwoa Félicité wa Baraka. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na jamani, mwenyewe alijua! Hata barua ya posa aliitolea nakala tatu.

Lakini tusimpambe. Mwaka 1951 alitumwa kuuliza habari za ardhi ya Lweba. Mvua ikamzuia njiani, mjini Baraka, na hapo sokoni akamsikia mnunuzi wa pamba akisema kwamba ardhi ya Lweba ng'ambo ya mto haina mwenyewe. Akaandika: "Wazee wanasema ni pori tupu." Hakuwa amemuuliza mzee hata mmoja.

Machi 1954 Mzungu mmoja mwenye mashamba akaja na karatasi hiyo, akitaka nyumba arobaini na mbili zihame. Siku ya shauri, administrata, mkuu wa serikali pale Fizi, aliyasoma maneno yale mbele ya watu wote. Mzee Mashaka, ambaye baba yake amezikwa pale, aliruka kwa hasira.

"Bazee gani? Mutaje majina yabo! Miye niko hapa, nani alikuya kuniuliza?"

Félicité anasimulia kwamba mumewe aliinuka kwenye meza yake ya ukarani. Angenyamaza, kazi ingebaki, na Lweba ingekwisha.

"Hakuna muzee mwenye alisema hivi, Bwana," akasema. "Ni miye niliandika. Nilisikia kwa muntu wa soko, na sikumuuliza yeye alijua wapi."

Aliachishwa kazi siku hiyohiyo; shauri la ardhi likabaki bila kuamuliwa.

Miaka mitatu alipita nyumba kwa nyumba na daftari: nani amesema, aliona mwenyewe au aliambiwa na nani, kaburi la nani liko wapi. Wengine walimfukuza. Mzee Mashaka alimwacha mlangoni siku nne, ya tano akamwambia, "Ingia, karani. Leo uandike muzuri."

Kifua kilimshika Juni mwaka huu, 1957, daftari likiwa limeshapelekwa kwa administrata, Fizi. Kila siku aliuliza kama jibu limekuja. Lilifika tarehe 2 Septemba: watu wabaki. Akataka kujua nani amelisoma.

"Nilisoma miye mwenyewe, mara mbili," Félicité akamjibu. "Na muhuri niliuona."

Alifariki tarehe 4, asubuhi.

Ameacha mjane wake Félicité, watoto watano, wajukuu wawili na dada yake Suzanne. Anazikwa ng'ambo ya mto, kando ya kaburi la baba wa Mzee Mashaka; Mashaka mwenyewe ndiye aliyeomba. Lala, Norbert, Mungu akupokee. Hapo hakuna atakayekuhamisha.