Mchango wa Watu Nisiowajua

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, hata na ninyi mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema! Leo msitoke. Neno hili nimekaa nalo tangu Januari na sasa limenishinda kunyamaza.

Wengi mnaniita Mama Naomi. Asiyenijua, mimi ndiye niliyekuwa na hoteli pale Salgaa, ile ya mabati ya kijani, mkabala na mahali malori yanapoegeshwa. Madereva nimewapikia miaka kumi na mmoja: chapati, maharagwe, matumbo, chai ya rangi kwa wanaosinzia. Mume wangu alilala katika Bwana, binti yetu Naomi akiwa bado ananyonya, na tangu siku hiyo mwajiri wangu amekuwa sufuria. Mtu aliyejiajiri hana likizo, ndugu zangu. Nikiugua hoteli inafungwa, na hoteli ikifungwa hatuli.

Nataka niungame jinsi nilivyokuwa. Nilikuwa mtu wa michango. Pale Salgaa mtu akilazwa au akifiwa, kadi zinachapishwa zenye jina lake na siku ya harambee. Unaletewa kadi, unatoa ulicho nacho, na siku yenyewe majina yanasomwa mbele ya watu. Jina langu halikukosa kusomwa hata mara moja! Na zile kadi sikuzitupa. Nilizifunga pamoja kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya lori, nikaziweka juu ya kabati, na nikiziangalia nilijisikia kama mwenye shamba la mahindi yaliyokomaa. Nilijua siku nikianguka, watu wote hao watanijia. Mdomoni nilisema daktari wangu ni Yesu, tena kwa sauti kubwa kuwashinda wote hapa. Moyoni nilitegemea lile rundo.

Mwaka jana, baada ya Pasaka, akaja binti mmoja na mkoba wa karatasi. Akaagiza chai, akaanza kunieleza habari za bima ya hospitali ya serikali. Akasema si ya walimu na makarani peke yao. Mama wa hoteli, fundi wa panchari, muuza mboga, yeyote aliyejiajiri anaweza kujiandikisha mwenyewe, akalipa kidogo kila mwezi, na siku akilazwa yeye au mtoto wake, kitanda na matibabu vimelipiwa. Nilimcheka mbele ya wateja. Nikamwambia, "Wewe msichana, nilipie ugonjwa ambao haujafika? Si huko ni kuuita?" Madereva wakaangua kicheko, na mimi nikafurahi kwamba nimechekesha.

Hakukasirika. Alimaliza chai yake, akainama kufunga kiatu, na nikaona kisigino kimeisha kabisa upande mmoja. Alikuwa ametembea Salgaa nzima tangu asubuhi na hajaandika mtu hata mmoja. Nikamhurumia. Isitoshe, mtu mwenye karatasi ya mchango hajawahi kutoka kwangu mikono mitupu. Kwa hiyo Mungu ni shahidi, nilijiandikisha kama mtu anayemchangia mwenzake. Kwangu mimi ule ulikuwa mchango wa yule binti! Akaniuliza majina ya watoto. Nikakataa katakata, jina la Naomi haliandikwi kwenye karatasi ya ugonjwa. Akasema, "Mathe, mtoto haongezi kitu. Ni pesa ile ile moja." Ndugu zangu, mimi ni mfanyabiashara, na cha bure sikiachi. Nikampa jina la Naomi.

Kadi ilipokuja niliisukuma ndani ya rundo, katikati ya matanga na harusi za watu, nikasahau sura yake. Lakini kulipa nililipa. Nikishaandikwa mahali, naona haya kusomwa kwamba nimeshindwa. Kila mwezi nilipoenda Nakuru kuchukua unga na mafuta nilipitia pale ofisini, nikapanga foleni nikinung'unika, nikalipa. Na kabla ya Krismasi, nikijua wasafiri watakuwa wengi na sitapata nafasi, nikalipa hadi Machi. Nilidhani ni utaratibu wangu mzuri tu. Kumbe kuna mkono ulikuwa unanisukuma kwenye ile foleni!

Mapigano yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba mnayajua, na sitataja makabila mbele ya madhabahu hii. Nilikimbia na Naomi mkono mmoja, na mkono mwingine nimebeba nini? Niliacha blanketi, niliacha sufuria, niliacha nguo za shule za mtoto. Nilibeba lile rundo la kadi! Dereva mmoja aliyezoea kula kwangu alitupakia kwenye lori lake hadi Nakuru, akatushusha uwanja wa maonyesho, mahali maelfu walikuwa wamelala kwenye mahema. Baadaye niliambiwa hoteli iliwaka siku hiyo hiyo.

Wiki ya tatu Naomi akaanza kushika tumbo. Nilidhani ni maji ya pale kambini. Asubuhi iliyofuata nesi wa hema la msaada akambonyeza upande wa kulia, mtoto akapiga kelele nisiyopata kuisikia kwake. Nesi akaniambia, "Mama, huyu aende hospitali sasa hivi. Si kesho."

Na mimi nikafanya nini? Sikwenda. Kwetu mtu huchangisha kwanza ndipo aende hospitali, huwezi kufika huko mikono mitupu, na upasuaji kila mtu anajua unalipiwa. Nilimwachia jirani wa hema mtoto wangu anayeungua kwa homa, nikachukua rundo langu, nikaanza kuzunguka hema kwa hema nikitafuta watu wa zile kadi.

Nilimpata Baba Joshua, fundi wa panchari, ambaye mguu wake ulipovunjwa na ringi ya gurudumu nilisimamia mwenyewe harambee yake. Alikuwa amekalia beseni lililopinduliwa. Nikampa kadi yake. Aliishika, akaitazama, akasema, "Mama Naomi, hata mimi nangoja kuchangiwa." Akaingia hemani akanitolea alichokuwa nacho, nusu kipande cha sabuni. Wengine walikuwa wameshasafirishwa makwao. Wengine walikuwa wa upande ule uliotufukuza, na wawili kati yao nilisikia walionekana pale hoteli yangu ikiwaka. Jamani! Kila kadi mkononi mwangu ilikuwa ya kweli, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia, "Mungu wangu, watu wangu wako wapi?"

Niliporudi ilikuwa saa nane mchana. Naomi alikuwa ameacha kulia, na mimi mjinga nikafurahi. Kisha nikayaona macho yake, yamelegea. Nesi alinifokea mbele ya watu wote, na alikuwa na haki, akatupakia kwenye gari la msaada.

Pale hospitali kubwa ya serikali karani wa dirishani akaniuliza, "Mama, una kadi?" Ile bima haikunijia akilini hata kidogo; mimi nilijua kadi za michango tu. Nikafungua ule mpira nikazimwaga zote mbele yake! Akazipekua kwa kidole kimoja, tanzia, harusi, karo, tanzia, na watu nyuma yangu wakiguna. Kidole kikasimama. Akachomoa moja, akaangalia kwenye vitabu vyake.

"Umelipa hadi Machi. Mtoto naye ameandikwa. Mpelekeni ndani."

Nikamwambia, "Ngoja baba, sijaleta pesa."

"Mama, ulishalipa."

Ulishalipa! Ndugu zangu, tangu shule ya Jumapili nimeimba juu ya deni lililolipwa, nimepiga makofi, nimeruka ruka. Sikuwahi kulielewa hadi siku ile, nikiwa nimeshika dirisha la karani kwa mikono miwili. Na tena alisoma jina langu lote, jina la ukoo ambalo mwezi ule lilitosha mtu ashushwe kwenye gari barabarani auawe. Alilisoma kama jina la mtu mwingine yeyote. Hakuinua hata uso!

Walimpasua alasiri hiyo. Kile kidole tumbo kilikuwa kimeoza na kiko karibu kupasuka. Daktari alinitazama akasema ningekaa hadi jioni asingekuwa na la kuniambia. Mimi najua nilizipeleka wapi saa zile. Nimetubu, na bado natubu.

Lakini Mungu hakuwa amemaliza na mimi. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama na mtoto mchanga mwenye nimonia. Siku ya kwanza alipozungumza kwa simu niliijua lugha yake, naye alinisikia nikimbembeleza Naomi akaijua yangu. Ni wa upande ule uliotufukuza. Siku mbili tulipeana mgongo, hata salamu hapana. Siku ya tatu akapita mtu wa kukagua kadi, kitanda kwa kitanda. Yule mama akafungua fundo la kitambaa chake akatoa kadi, na ilikuwa kadi kama yangu, rangi ile ile, mistari ile ile. Mkaguzi akamuuliza kazi. Akasema anauza viazi kando ya barabara Olenguruone, kule milimani.

Mkaguzi alipoondoka, akaniuliza bila kunitazama, "Wewe umelazwa mara ngapi tangu uanze kulipa?"

Nikasema hii ndiyo ya kwanza.

"Mimi pia." Akamfunika mtoto. "Sasa hizo pesa tulizokuwa tunalipa tukiwa wazima, zilikuwa zinamlaza nani?"

Tukageuka wote wawili, tukatazamana kwa mara ya kwanza. Miezi yote niliyonung'unika kwenye foleni, huyu naye alikuwa kwenye foleni yake huko milimani, na hatujuani. Huenda viazi vyake vimemlaza Naomi. Huenda chapati zangu zinamlaza mtoto wake sasa hivi. Watu walikuwa wanafukuzana barabarani kwa mapanga, na huku Mungu ametufunga pamoja tusijue! Yule mama akachukua chupa yake ya chai akanimiminia kikombe. Mimi niliyewapa watu chai miaka kumi na mmoja, nilikipokea kwa mikono miwili, nikanywa huku nalia.

Najua kuna mtu anayejiambia hapo kwamba kujiandikisha ni kukosa imani. Nakujua, maana nilikuwa wewe. Nilimwamini Mungu wa kusomewa majina, na yeye akaniokoa kwa mchango ambao ndani yake hakuna anayesomewa jina. Mama wa mboga, fundi, mwenye mkokoteni, dada unayefulia watu nguo, usiseme hayo ni mambo ya wenye mishahara. Nenda kajiandikishe, na watoto uwaandike wote. Na kama humjui bado Bwana aliyenisubiri pale dirishani, mchungaji yuko hapa, njoo leo. Mimi sina la kumlipa ila shukrani, na Naomi wangu yule pale benchi la tatu, anacheka na mwenzake wakati mama yake analia.

Siku hizi nauza uji hapa mjini, na kila mwezi naenda kulipa. Nikishatoka nje nasimama kidogo kwenye ngazi na kusema: Bwana, mwezi huu mimi ni mzima. Kuna mtu analazwa leo, simjui, na pengine akinijua hatanipenda. Mlaze vizuri. Na asubuhi aamke.

Amina.