Gathoni wa Giakanja, Aliyetaka Kosa Liitwe kwa Jina Lake

Marehemu Anita Gathoni Muriithi alizaliwa hapa Giakanja tarehe 9 Juni 1988, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Muriithi na Mama Wanjugu, akapewa jina la nyanya yake upande wa baba, na pamoja na jina akarithi ulimi wa nyanya, maana wote wawili hawangepita penye uongo wakanyamaza.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia 1995, sekondari mjini Nyeri hadi 2006, kisha akahitimu masomo ya kompyuta huko Nairobi mwaka 2012, kijiji kikangoja afungue saiba, duka la kompyuta, sokoni atuchapie barua, hakufungua, na wengine, wako hapa hapa kwenye hema, walisema masomo yamemwagika.

Kazi aliyoianza 2013, na aliyoifanyia nyumbani kwake Naro Moru tangu 2020, mwenyewe aliieleza akimenya viazi jikoni kwa mama yake, kwamba programu kubwa huandikwa vipande vipande na watu wasiojuana, halafu kuna programu nyingine, kiunganishi, inayoviunga, ikihakikisha kila jina linaloitwa kwenye kipande kimoja lina mwenyewe kwenye kingine, na kipande kikihamishwa, anwani zote za kukifikia zirekebishwe, la sivyo ni kama wewe umehamia Chaka na wageni wako bado wanagonga lango la Giakanja. Taabu ni kwamba kiunganishi hicho kikishindwa kilisema tu kuna kosa, kikanyamaza, kama mgonjwa wa kwetu anayeulizwa hali akajibu ni kawaida. Gathoni alikifundisha kusema ni jina gani limekosekana, nani aliliita, akiwa wapi, na ni anwani ipi haikufika, na watu wa nchi za mbali wamemwandikia mumewe wakisema alivyowapunguzia machozi.

Mumewe ni Ben Gicheru wa Chaka, mfanyabiashara wa viazi, aliyefunga naye ndoa tarehe 6 Desemba 2014, baada ya urafiki ambao soko lote la Chaka liliujua isipokuwa Mama Wanjugu, wakajaliwa Ngugi mwaka 2016 na Sophie mwaka 2019.

Mwishoni mwa 2022 alianza kutokwa na damu isiyo ya mwezi, na hapo huyu aliyefundisha mashine kusema akafanya kama sisi sote, mama yake akimuuliza mbona amekonda, ni kazi, Ben akimuuliza, ni kawaida, na daktari alipomuuliza Februari 2023, ni tumbo kidogo tu, akapewa dawa ya tumbo, kwa maana daktari hutibu alichoambiwa. Aliusema ukweli Machi 2024, siku aliyoshindwa kuinuka kitini, na hospitalini Nyeri wakapata saratani ya mlango wa kizazi, ikiwa imeshatoka pale ilipoanzia. Alipigwa miale ya kuchoma saratani Nairobi, akarudi, akalala Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ben.

Alipojua haponi, alimwita shangazi yake Nyawira, ambaye Giakanja nzima inajua hajawahi kufunika habari, akamwagiza aandike historia hii yeye, na kwamba atakayeweka yale maneno ya kuugua kwa muda mfupi atamfufukia, kwani hayo ni kosa lisilosema ni kosa gani, na Sophie atakua bila kujua kilichomuua mama yake wala kilivyoanza. Mjomba Kingori, huyu huyu anayewasomea, aliukata mstari wa mlango wa kizazi kwa kalamu, ati ni aibu mbele ya pasta, mstari ukarudishwa, na sasa ameusoma kwa mdomo wake mwenyewe, Mungu ambariki. Basi mama au msichana aliye hapa, mwenye damu isiyo na sababu, asimwambie daktari ni tumbo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nyeri na Nairobi, majirani wa Naro Moru waliowalisha watoto, wenzake wa kazi, na Bwana Sahal wa Nanyuki, aliyemwacha ng'ombe wake mnadani akampeleka Gathoni hospitalini.

Pumzika kwa amani, Gathoni. Kosa limetajwa kwa jina lake, na Sophie yuko hapa mbele, amesikia.