Mwanakheri Shaban Likwata, Aliyetaka Kuona Seli za Mwanawe

Usiku wa Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025, nilikaa hapa Lionja na simu mapajani nikisubiri habari kutoka Mbekenyera. Jirani wa huko alikuwa amepiga mara moja akasema, "Mama Mwanakheri, mwanao anapigwa, njooni," simu ikakatika. Mdogo wake, Sadiki, alichukua pikipiki akaenda. Alfajiri alinipigia akalia tu, nami nikajua. Wasifu huu nimeuandika mimi, Sofia, mama wa marehemu. Anawasomea hapa msibani kaka yangu Bakary kwa sababu mimi sitaweza.

Mwanakheri alizaliwa hapa Lionja, wilaya ya Nachingwea, tarehe 14 Machi 2001, mwaka ambao tembo walilaza mahindi yetu yote. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Shaban Likwata. Hakuwa mwoga. Akiwa darasa la nne alikuta kifutu kwenye ufuta, akamkata kichwa kwa jembe. Sisi tukapiga kelele aondoke. Yeye akachuchumaa, akampasua nyoka tumbo kwa kisu cha kumenyea muhogo, akatuita, "Njooni muone, kameza panya mzima!" Baba yake alicheka mpaka akakaa chini.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na sekondari Nachingwea, akamaliza kidato cha sita mwaka 2020. Desemba mwaka huo aliolewa na Twaha wa Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa, na Novemba 2021 akamzaa Amna. Alipigwa kofi la kwanza Amna akiwa bado hajatambaa. Baada ya hapo hayakuwa makofi tena. Kila alipokuja nilimtazama shingo na mikono.

"Mafuta ya korosho yameniunguza, mama."

"Mafuta ya korosho hayaachi alama za vidole, Mwanakheri."

Hapo alikuwa akiulizia habari za mbuzi.

Kazi yake ilikuwa kufundisha sayansi kwa kujitolea, shule ya msingi kule Mbekenyera. Oktoba 2024 alikwenda chuo kikuu Dodoma kusomea ualimu wa sayansi. Twaha alikubali mbele ya wazee wa pande zote mbili, na Amna akabaki kwa bibi yake, Bi Saada, mama yake Twaha.

Somo lililomtesa chuoni ni biolojia ya seli na molekuli. Alinieleza kwa simu kwamba mwili umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani yake mna vitu vinavyotengeneza nguvu, ambavyo mtoto huvirithi kwa mama peke yake. Nikamwuliza, "Na huo ukaidi umeurithi kwa nani?" Akasema, "Huo pia ni wako, mama."

Mtihani wa somo hilo alipata sapu, akatakiwa kuurudia Septemba. Alirudi likizo na vioo vyembamba, pamba na chupa ya dawa ya bluu. Mwalimu Aneth, anayefundisha sekondari huko Ruangwa, alimruhusu kutumia hadubini. Wanafunzi hujikwangua kidogo ndani ya shavu, wanapaka kwenye kioo, kisha wanaziangalia seli zao. Ijumaa ile Amna aliomba na yeye aone vyumba vyake, basi mama yake akamkwangua.

Kwenye wasifu huwa panaandikwa ugonjwa. Nimeshauriwa niandike kwamba aliugua ghafla. Hakuugua. Twaha alikuwa ameona kwenye simu watu wakipima DNA kwa mate. Jirani aliyasikia yote.

"Mate ya mtoto unampelekea nani?"

"Nayapeleka kwenye hadubini, baba Amna. Ni seli tu."

"Unataka upime ujue baba yake ni nani! Kumbe wewe mwenyewe hujui!"

Mwanangu alicheka. Alidhani ni utani. Twaha alivunja vioo kwa mguu, akachukua mchi wa kinu, akampiga kichwani, akampiga mbavuni alipoanguka, akaendelea kumpiga alipokuwa hajitetei tena. Mwanakheri alifariki akipelekwa hospitali. Twaha yuko mikononi mwa polisi.

Ameniacha mimi, mdogo wake Sadiki, na mtoto wake Amna.

Leo Jumapili, kabla hamjafika, nilikwenda Mbekenyera na wanawake wenzangu kuomba Amna aje amuone mama yake mara ya mwisho. Bi Saada alikuwa amejifungia naye ndani.

"Mwanangu mmempeleka rumande, sasa na mjukuu mnamtaka? Ondokeni! Huyu ni damu yetu."

Nikamwambia, "Mkwe, mwanao amemuua mwanangu akisema mtoto si wake. Wewe unasemaje?"

Scholastika, jirani yangu, akaupiga mlango ngumi. "Jibu, mama! Umeulizwa!" Nikamshika mkono. Ndani Amna alikuwa analia. Nikauliza tena, taratibu.

Bi Saada akapiga ukunga kama mtu anayechinjwa. Komeo likavutwa, mlango ukafunguka. Alikuwa amembeba Amna, mguu wa mtoto ameushika mkononi.

"Ni wake," akasema. "Vidole hivi ni vya Twaha, nimevijua tangu siku ya kwanza. Mchukue akamzike mama yake."

Mungu amlaze Mwanakheri pasipofika mkono wa kumpiga.