Hester Qunnuyaq Tuklak, Mtunza Ghala la Barafu la Sinarak (1951–2024)

Mpendwa wetu Hester, tuliyemleta huku juu kilimani kwa sababu makaburi ya ufukweni yamekwisha kuliwa na bahari, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika kambi ya Kuugaq, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Amos na Sarah Qaviaq. Mama yake alipenda kusimulia kwamba baridi ya asubuhi ile iliyagandisha maji ya kumwogesha kabla mkunga hajamaliza kumsifia mtoto. Hester akisikia hadithi hiyo alikuwa akisema, "Ndiyo maana kuoga na mimi hatuelewani mpaka leo."

Alisoma shule ya msingi hapa Sinarak kuanzia mwaka 1957, kisha mwaka 1965 akapelekwa shule ya bweni kusini, kwenye miti. Miti hakuipenda hata kidogo. Alilalamika kwamba inamzuia mtu kuona nani anakuja. Chakula cha huko nacho kilimshinda, kwa hiyo alificha nyama kavu ya sili chini ya godoro lake. Ikaja siku mlezi wa bweni akasema kuna panya amefia humo ndani, akapekua chumba hadi chumba, na Hester akamshikia tochi kwa heshima zote. Panya hakupatikana. Alihitimu Mei 1969 na kurudi nyumbani kwa ndege ya kwanza.

Septemba 1970 aliajiriwa kuwa mpishi wa shule yetu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Juni 2006. Wengi wenu mliosimama hapa mmekula mkononi mwake, na wengi pia mmepigwa mwiko. Mtoto akikataa kumaliza sahani alikuwa akimwambia, "Haya, acha. Baridi huko nje inawapenda sana wenye tumbo tupu." Sahani ilimalizwa.

Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na Elijah Tuklak, nahodha wa kuwinda nyangumi, wakajaliwa watoto wawili, Jonas na Lena. Kuolewa na Elijah kulikuwa kuolewa na ghala la barafu ambalo babu wa mumewe alilichimba kwa sululu chini ya ardhi iliyoganda. Kila majira ya kuchipua, kabla mtumbwi wa ngozi haujashushwa, Hester alitoa nyama yote iliyobaki, akaigawa kwa wajane na wazee, akakwangua sakafu na kutandika theluji mpya. Sisi tunajua kwamba nyangumi hajitoi kwa mwenye nguvu. Hujitoa kwa nahodha ambaye mkewe ana mkono mkunjufu na ghala safi. Na wanaume wakiwa barafuni, mke wa nahodha hutulia nyumbani bila kukurupuka, maana atakavyokuwa yeye ndivyo atakavyokuwa nyangumi. Mkwewe Minnie, mke wa Jonas, anayewasomea wasifu huu, alifika katika nyumba ile mwaka 1998 akiwa bibi harusi mgeni, na siku ya kwanza ya mawindo akaangusha sufuria. Hester hakugeuza hata shingo. "Wewe mtoto wa watu," alimwambia polepole, "mume umempata juzi tu, ushamchoka? Unataka apigwe mkia na nyangumi?" Minnie aliketi chini hadi jioni, na tangu siku hiyo wakapendana.

Elijah alifariki tarehe 27 Aprili 2015, akipita njia aliyoipita ujana wake wote. Barafu ilikuwa nyeupe na imara kwa kuitazama, ikapasuka chini yake mchana kweupe. Bahari haijamrudisha. Hester aliomboleza bila kupiga kelele, akamkabidhi Jonas chusa ya baba yake, na mwaka uliofuata akalisafisha ghala kama kawaida.

Ghala ndilo lililoanza kumsaliti. Majira ya joto ya mwaka 2017 kuta zake zilitoa jasho. Yeye alizifuta kwa kitambaa, akasema lina homa tu, litapona. Halikupona. Maji yalianza kutuama sakafuni, na nyama za chini zikabadilika rangi. Jonas alinunua friza kubwa akaiweka ukumbini, wakabishana.

"Nyangumi amekubali kuja kwa mwenye ghala safi," Hester alisema, "halafu mimi nimlaze kwenye sanduku lenye waya? Umeme ukikatika nimwambie nini?"

"Na maji yakizidi, Mama, utamwambia nini?"

Hester alimtazama, akachukua ndoo na ufagio, akashuka ngazi.

Mwishowe alikubali nyama mbichi ikae kwenye friza. Jambo moja alilikatalia katakata. Mikigaq, ile nyama ya nyangumi inayochachushwa ndani ya damu na mafuta yake kwa ajili ya sikukuu ya Juni, haitaki kuganda wala haitaki joto. Inataka ubaridi usiobadilika, na mke wa nahodha aikoroge kila siku. Hester aliiweka mahali pale pale alipoonyeshwa na mama mkwe wake, kwenye ngazi za kuingilia ghalani. Hakuna hata mmoja wetu aliyemkataza, kwa kuwa hata sisi tuliamini kwamba huko chini kungali na baridi. Kosa hili ni letu sote, na linatuuma.

Tarehe 4 Mei mwaka huu kikosi cha Jonas kilipata nyangumi. Mwezi wa sita ulipoingia, Hester, ambaye alikuwa bado hajamwachia Minnie kazi hii, akajaza ndoo zake. Joto la mwezi huo mnalikumbuka: watoto walitembea bila makoti, na mbu walitujia kabla ya wakati wao. Alhamisi tarehe 20 Juni, siku mbili kabla ya sikukuu, alionja kama desturi inavyomtaka mke wa nahodha aonje kabla mgeni yeyote hajala. Alifumba macho. "Tamu," alisema. "Tamu kuliko ya mwaka jana."

Kesho yake asubuhi kope zake zilikuwa zimelegea. Jonas na Minnie walipoingia chumbani aliwakazia macho.

"Mbona leo mmekuja wawili wawili? Jonas, wewe mmoja tu ulitosha kunisumbua."

Walicheka. Yeye hakucheka. Aligusa midomo yake, akameza mate kwa shida, na hapo akaelewa kabla ya mtu yeyote mwingine.

"Ndoo," alisema. "Mwageni zote."

"Mama, ngoja kwanza," Jonas alisema. "Wageni wameshafika kutoka vijiji vitatu. Nyama ya nyangumi aliyejitoa mwenyewe tuimwage? Watu watasemaje?"

"Waseme. Wakiila, hawatakuwa na ulimi wa kusemea."

"Na nyangumi je?"

Ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito, lakini neno hili tulilisikia wote: "Huyo nitaongea naye mwenyewe. Mwageni ndani ya ghala, mlifukie. Nipelekeni nione."

Walimbeba kwenye kiti hadi mlangoni pa ghala. Vijana wa kikosi walimwaga huku wakilia, na Jonas akaleta tingatinga akalishindilia kokoto ghala la baba wa babu yake. Hester alitazama mpaka mwisho, akiinua kope moja kwa kidole. Hatujawahi kumwona mwanamke shujaa kiasi kile, na tunalisema hili mbele ya kaburi lake bila kuogopa kutia chumvi.

Muuguzi wa zahanati alieleza kwamba ni sumu inayoota katika nyama iliyochachushwa ikipata joto, isiyo na harufu wala ladha, na ndiyo iliyomlegeza kope na kumfanya aone kila mtu mara mbili; dawa yake iko hospitali ya mjini. Ndege ilikuja mara mbili, ikazunguka juu yetu, ikarudi, kwa sababu ukungu mzito wa bahari ulikuwa umelala juu ya uwanja. Tuliisikia ikinguruma. Ilitua Jumapili. Hester alifariki Jumatatu tarehe 24 Juni 2024 hospitalini, saa kumi alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Lena. Sikukuu haikufanyika, na hakuna mwingine aliyeugua hadi leo tunaposoma maneno haya.

Waliochimba kaburi hili wameiomba familia iwaambie ninyi mliohudhuria jambo hili. Zamani kazi hii iliwachukua wanaume sita siku mbili kwa moto na sululu. Safari hii vijana wawili wamechimba kwa koleo na kumaliza kabla ya chakula cha mchana, na mlivyoona, ilibidi wateke maji ndipo tumshushe.

Marehemu ameacha mwana mmoja, Jonas, na mkewe Minnie. Binti mmoja, Lena. Kaka yake, mzee Simeon Qaviaq. Wajukuu saba na vitukuu wawili. Ameacha pia ndoo moja. Alizojaza zilikuwa tisa, na zilizofukiwa ni nane. Mtu aliichukua mapema, na tunajua aliichukua kwa mapenzi, kama wengi walivyozoea kufanya kila mwaka naye akijifanya haoni. Hatutauliza ni nani. Ndugu yetu, nyama hiyo haina harufu mbaya, na ukiionja utaiona tamu. Pengine unaitunza kwa kuwa ndiyo ya mwisho kutoka mikononi mwake. Tunakuomba, usiionje, wala usimpe mtoto. Leo usiku iache mlangoni kwa Jonas, uende zako. Mlango wetu hautafunguliwa, na hakuna atakayechungulia dirishani.

Mungu amlaze Hester mahali pema, penye baridi. Amina.